Shangazi, Yule Hakuwa Mtani Wako

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako hainifikii tena, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Ungenikata jicho hata huko uliko. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwangu Lindi, mchana wa Jumatatu, saa ambayo kwa kawaida nipo kazini nasoma matangazo ya vifo. Leo anayasoma mtu mwingine. Majina ya vijiji vyetu anayatamka ovyo ovyo, nimemvumilia mpaka alipofika Milola, nikazima redio.

Nimechoka, Shangazi. Na si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kueleza jambo moja kwa watu wale wale, kila siku, mpaka na wewe mwenyewe unaanza kujiuliza kama akili zako ni timamu. Ndiyo maana nakueleza wewe. Na wasikilizaji wetu wakitaka kuisoma barua hii nao waisome, siifichi, maana waliyosikia wameyasikia nusu.

Nikikukumbuka, nakukumbuka pale stendi ya Mchinga, mbele ya karai lako, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, unageuza vibua huku unaita abiria wa mabasi ya Lindi kwa sauti ambayo dereva aliyezima injini na aliyewasha wote waliisikia. Mimi nakaa nyuma yako namenya mihogo. Mzee Komba anatoka kwenye kibanda chake cha useremala, mikono imejaa vumbi la mbao, anakuja kununua, na kabla hajanunua lazima akutukane kwanza.

"Mmwera we, leo umekaanga samaki au umechoma mkaa?"

"Nyamaza, Mngoni. Babu zako walikuja kututeka, wakanusa wali wa nazi, wakasahau njia ya kurudi Songea."

"Na babu zako walivyokimbia siku ile, mpaka leo hamjapumzika. Ndiyo maana miguu yenu imekonda."

Abiria wanacheka mpaka wanasahau chenji. Mara ya kwanza kumsikia mimi nililia. Nilikuwa mdogo, baba yangu alikuwa ameshakufa, umenichukua wewe dada yake, na sikuwa tayari kumwona mtu mzima anamtukana mtu pekee niliyebaki naye. Nikakuuliza kwa nini humpigi na mwiko. Ukanifuta machozi kwa ncha ya kanga yenye harufu ya mafuta ya samaki.

"Huyu ni mtani wangu," ukasema. "Mngoni na Mmwera ni watani toka enzi. Mtani ana ruhusa. Lakini ruhusa yake ina kazi ndani yake: mimi nikifa, yeye ndiye atashika jembe. Asiyeshika jembe hana mdomo."

Sikuelewa. Nilidhani jembe ni la shambani.

Ulinilea kwa mdomo wako huo, Shangazi. Ulinifundisha jinsi ya kusalimia, jinsi ya kukaa mbele ya wakubwa, jinsi ya kukataa bila kutukana. Uliponiingiza unyagoni uliniambia kuna maneno ya ndani na maneno ya nje, na mwanamke mwenye akili hachanganyi. Siku nilipopata kazi redioni ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nimekufundisha kunyamaza miaka yote hii, kumbe watakulipa kwa kusema!" Ukatangaza stendi nzima. Kila basi lililosimama ulimwuliza kondakta anasikiliza redio gani, na akikosea jibu humuuzii samaki.

Halafu ikaja asubuhi ile.

Rama unamjua. Ndiye anayeendesha kipindi cha asubuhi, kijana aliyeletwa kutoka Dar kwa sababu, walisema, ana mvuto. Mimi sina ugomvi na mvuto wake. Mada ya siku ile ilikuwa watoto wa kike wanaoacha shule, na wewe, ambaye hukuwahi kupiga simu redioni hata siku moja kwa kuwa ulisema mmoja katika ukoo anatosha, ulipiga. Nilikuwa chumba cha pili napanga habari. Nilipoisikia sauti yako nikaacha kalamu.

Ulisema vizuri, Shangazi. Ulisema sekondari iko mbali, watoto wanaondoka na giza na kurudi na giza, njiani kuna wenye pikipiki wanaowapa lifti zisizo za bure. Ukasema, "Jengeni bweni. Mkijenga bweni halafu wakaacha shule, njooni mniulize mimi."

Rama akayarudia maneno yako kwa lafudhi yako. Aliivuta ile lafudhi ya Kimwera, akaipinda, akaichezea kama mtoto anavyochezea kifaranga. Kisha akasema: "Mama, tuseme ukweli. Nyie wa Kusini binti akishatoka unyagoni shule ya nini tena? Mmeshamfundisha kazi ya kitandani, hesabu ataziweka wapi? Na wewe mama, kwa sauti hiyo, mtihani ule ulifaulu!" Akabonyeza kile kitufe chao cha vicheko.

Kisha ukamwuliza, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, mama yako yu hai?"

Akakata simu. "Mama kakasirika jamani! Utani tu, mama, utani!" Na wimbo ukaingia.

Nilikwenda kwa meneja moja kwa moja. Sikumwambia kuwa ni wewe. Nilitaka alitazame tusi lenyewe kwanza, bila kujali limempata nani. Akaegemea kiti. Akasema, "Dada, nyie wenyewe Kusini mna utani, mpaka misibani mnatukanana. Leo imekuwaje? Hii ni burudani. Simu zinazoingia sasa hivi unaziona?" Nikamwambia utani una wenyewe, haumwagwi tu kama maji machafu. Akasema atalifanyia kazi. Kazi aliyoifanya ni kumteua Rama kuwa mshereheshaji wa tamasha la mkoa, mbele ya viongozi, akavaa suti na wote wakampigia makofi. Wapo na waliosema kijana yule anaijua sana jamii yetu. Loo!

Jumamosi yake nilikuja Mchinga. Nilikukuta unakaanga umeipa barabara mgongo. Basi likaja, likasimama, likaondoka, wala hukuita. Nikakuuliza unaumwa? Ukageuza samaki, ukasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mimi nikisema nasikika vile?"

Shangazi, tangu nijifunze kusema, ile ndiyo sauti niliyodhani ndiyo Kiswahili chenyewe. Nikakwambia yule mjinga tu, usimsikilize. Lakini vijana wa pikipiki walikuwa na kipande cha kipindi kile kwenye simu zao, na kila ukipita walikiwasha, na kicheko cha kile kitufe kikawa kinatoka mifukoni mwao. Wengine ni watoto uliowapa mihogo bure. Siku zilizofuata ukaanza kusema Kiswahili cha kubana, cha kuchagua neno, kama mtu anayevuka mtoni akipapasa mawe. Mtu wa kuita hata aliyewasha injini! Iliniuma kuliko kama ungelia.

Mzee Komba peke yake ndiye aliyekataa kukuhurumia. Alikuja vile vile na vumbi lake. "Mmwera, nasikia umekuwa msanii. Ukienda Dar usisahau kunilipa mbao zangu." Nikataka kumfukuza. Ila wewe ukacheka, kicheko chako chenyewe, na ukamjibu kwa lafudhi yako yote. Ndipo nilipoanza kuelewa kitu, ingawa sikuweza kukisema.

Sisemi maneno ya Rama ndiyo yaliyokuua. Roho zetu anazo Mwenyezi Mungu, na presha ulikuwa nayo toka zamani, na dawa ulikuwa unazimeza unapokumbuka. Nasema tu kwamba miezi yako ya mwisho uliishi kwa sauti ya kuazima, na aliyekunyang'anya yako hakuwahi kukuomba radhi. Hilo nalisema na nitalisema.

Tangazo la kifo chako nililisoma mwenyewe. Wenzangu walitaka kunipokea, nikakataa. Nilitamka jina lako na la baba yako na la kijiji, nikataja saa ya maziko, sauti haikukatika. Ungejivunia.

Na mazishi yako, Shangazi, ungeyapenda! Mzee Komba alianza kuchimba toka alfajiri, na umri ule, akawakataza vijana kumpokea jembe. Jeneza lilipofika akashuka kaburini akajilaza chali, mikono kifuani. "Haingii mtu humu. Huyu Mmwera alikuwa akiniuzia samaki walioungua maisha yake yote, na hata siku moja hakunipunguzia bei. Haziki mtu mpaka niletewe samaki wangu wa mwisho." Watu walicheka, Shangazi, watu walicheka huku machozi yanawatoka, na shehe akageukia pembeni akisubiri, maana naye ni mtu wa hapa. Mama mmoja akakimbia kwake, akarudi na kipande cha kibua kwenye sahani. Komba akakila mle mle kaburini. Alipomaliza akainuka, akajifuta mchanga, na tukamwona analia wazi wazi, kamasi na machozi. Alikupokea kwa mikono yake. Jioni akajifunga kanga yako kichwani akakaa na wanawake kuosha masufuria ya msiba, anatukana kila sufuria lililoungua kwamba limefanana na wewe.

Nilipomwona ameinama kwenye yale masufuria, yale maneno ya jembe yakaniingia.

Baada ya matanga nikarudi kazini. Zamu yangu inapokea ya Rama, na kuna dakika mbili tatu tunazungumza wote hewani kupokezana. Akasema, "Dada, pole sana na msiba. Nimeambiwa ni yule mama wa Mchinga, yule wa bweni. Mtani wangu huyo! Kaniwahi, na mimi nilikuwa bado sijammaliza." Akacheka. Mkono wake ulikuwa juu ya kile kitufe.

Wallahi, Shangazi, sikupanga. Nilisema, "Mtani wako? Mtani wake alichimba kaburi kwa mkono wake na akaosha masufuria. Wewe jembe lako lilikuwa wapi? Asiyeshika jembe hana mdomo. Umekula utani wa watu bila kubeba mzigo wake, na siku yako ikifika tutaona nani atakuja kukuchimbia."

Nikasoma matangazo yangu ya vifo mpaka mwisho, nikaondoka.

Kabla ya jioni nilikuwa nimeenea kwenye simu za watu kuliko ulivyoenea wewe. Kwamba nimemwombea mwenzangu kifo hewani. Kwamba mwanamke wa Kiislamu, tena mtu wa pwani, ametukana mbele ya watoto. Walionipigia kunikanya ni wazee ambao asubuhi ile ya kwako walinyamaza kimya kana kwamba redio zao zilikuwa mbovu. Mama mmoja wa mjini, namheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, mdomo umekuponza." Nikamwuliza, "Na Rama je, mama?" Akasema, "Aa, yule kijana ni mchangamfu tu." Kweli mkuki kwa nguruwe.

Meneja aliniita. Safari hii hakuegemea kiti, alikaa wima. Akazungumza habari za maadili, heshima ya chombo, usalama wa watu. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamwuliza alikuwa wapi siku Rama alipowasema wanawake wa mkoa mzima.

"Yule alikuwa anatania," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa na hasira."

Nikatoka nikiwa na hilo, na mpaka leo sijalimaliza. Anayetukana huku anacheka anasamehewa kwa sababu ya kicheko, na anayejibu huku anaumia anaadhibiwa kwa sababu ya maumivu. Wakanisimamisha kazi mpaka niombe radhi hewani, katika kipindi cha Rama, Rama akiwa amekaa pale. La sivyo nisirudi. Hamza mwanao alinipigia kutoka Dar. "Dada, omba radhi yaishe. Mama hayupo tena, hayasikii." Sikumkasirikia, na yeye amechoka kusikia sauti ya mama yake ikichezewa kwenye simu za watu wasiomjua. Lakini nilimwambia kama ni hivyo na yeye asiniambie tena pole, maana na hiyo haisikiki.

Basi leo asubuhi nimekwenda.

Nilijifunga kanga yako kwa ndani, mtu asiione. Rama alikuwa mchangamfu kama kawaida, akaniletea chai. Taa nyekundu ikawaka, akanikaribisha, nami nikaomba radhi. Niliomba kweli, Shangazi, si kwa kinyongo. Nilisema maneno ya kuchimbiwa kaburi huambiwa mtani, na Rama si mtani wangu, kwa hiyo sikupaswa kumwambia yeye, na wasikilizaji waliokwazika wanisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, dada yangu, mimi sina kinyongo." Kwa upole kabisa.

Nikasema, "Ahsante. Sasa na wewe."

"Na mimi nini?"

"Na wewe mwombe radhi mama wa Mchinga. Na wanawake wa Kusini. Mimi nimemaliza, maikrofoni ni yako."

Nikanyamaza. Unajua mtangazaji anaogopa nini kuliko kufukuzwa? Kimya. Ukikaa kimya hewani hata kwa pumzi chache tu jasho linakutoka. Nami nikakaa kimya, nimemtazama usoni. Akatazama kioo, upande wa pili meneja anapunga mikono kama anayefukuza kunguru kwenye mpunga. Nikawaza watu wote wanaosikiliza wakati ule, wenye vibanda hapa mjini, wavuvi wa Kisiwani, wanawake wa stendi ya Mchinga, wote wanasikia hakuna kinachosikika.

"Wacha tupate burudani kidogo," Rama akasema, na akaweka wimbo.

Taa nyekundu ikazimika. Ndipo akanigeukia. Shangazi, uso wake ulikuwa umebadilika, simsingizii. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, samahani. Kwa yule mama. Wallahi siku ile sikujua kama ni shangazi yako."

"Na angekuwa si shangazi yangu?"

Akaangalia kile kitufe chake cha vicheko.

"Washa maikrofoni," nikamwambia. "Hayo hayo. Yaseme hivyo hivyo."

Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye swichi, niliuona. Ukakaa pale. Akatazama tena kioo, kisha akauvuta mkono wake mapajani, akaangalia chini kama mtoto. "Dada, yaishe," akasema. "Nimeshakuomba."

Nikavua vile vya masikioni, nikaviweka mezani, nikatoka. Mlangoni meneja akaniambia niende nyumbani nitapigiwa simu. Sijapigiwa, na moyoni najua sitapigiwa. Nitatafuta la kufanya, usiwe na wasiwasi na mimi, mikono ninayo.

Lakini nimekuandikia kwa sababu nina kitu chako, na sijui nikifanyeje. Tusi lako lilisikika mkoa mzima, likavuka maji mpaka Kisiwani, likaingia kwenye simu za watoto. Samahani yako imesemwa ndani ya chumba kilichofungwa, chini ya wimbo wa mapenzi, na aliyeisikia ni mimi peke yangu. Ndiyo hii, nimekufikishia kama ilivyo. Sijaipokea kwa niaba yako, Shangazi. Nimemwambia aliyetukana kwa sauti akaombe kwa sauti, na nikifa kabla hajaomba, atakayekuja kunilaza ajue na mimi nilikufa nikiwa namdai.

Pumzika, baba yangu wa kike. Ongea kwa lafudhi yako huko.

Mimi, mtoto wa kaka yako